Viti Vilivyoupa Mji Kisogo

Sisi wa Bugarama tukisema kilabu tuna maana ya banda la matofali ya udongo lenye mabenchi nje, mahali pa kunywea wanzuki, au bia kwa yule aliyeuza dhahabu yake juzi. Kwa hiyo nilipofika Unguja nikaelekezwa Shangani, kwenye iliyokuwa Klabu ya Waingereza, nilicheka peke yangu. Neno ni lile lile. Tofauti ni nani aliyeruhusiwa kuingia.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1888, miaka miwili kabla Zanzibar haijawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaja kuitwa Africa House, na sasa ni hoteli.

Nakiri, msomaji, kwamba mahali penyewe panapendeza. Unatoka kwenye joto la vichochoro, unapanda ngazi, unatokea barazani juu, na upepo wa bahari unakupokea. Bia inaletwa baridi bila kuulizwa. (Kwetu utaulizwa kwanza: ya moto au ya baridi? Mimi, kwa ajili ya meno yangu, ni mtu wa moto.)

Lakini nilipokwisha kutulia niliona jambo. Karibu viti vyote vimeelekezwa magharibi, kwenye maji na jua linalozama, na mji uko nyuma ya migongo yetu. Nikawaza kuwa wenyewe wa kwanza walitaka hivyo hasa: mchana waliutawala mji, jioni wakatafuta mahali ambapo hawauoni. Jengo limebadili jina na wenyewe, na viti vimebaki na tabia ile ile. Bugarama benchi hutazama barabara, ili mtu apitaye kwenda Kahama asalimiwe, adaiwe, au avutwe mkono aje akae. Mama mwenye kilabu anajua nani ana deni na nani kafiwa. Starehe niijuayo mimi ni hiyo, ingawa mbu ni wengi na choo kiko mbali.

Swahiba wangu wa Unguja, aliyekuwa na soda yake, hakukubali hata kidogo.

"Bwana wee, huu mji wa Waislamu. Mnywaji akiupa kisogo, hiyo si dharau. Ndiyo adabu yenyewe."

Sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba mji huu haukuomba kutazamwa na mtu mwenye chupa mkononi. Na ni kweli pia kwamba Waingereza wale hawakukaa hivyo kwa adabu. Kiti ni kimoja, na mgongo ni ule ule.

Adhana ya magharibi ikaanza nyuma yetu, msikiti mmoja, kisha wa pili. Mbele yetu wageni walikuwa wamesimama na kamera zao. Nikageuza kiti changu. Nilichokiona kilikuwa ukuta mweupe na mlango wa ukumbi, basi. Mhudumu akaja upesi.

"Vipi kaka, jua linakuumiza macho?"