Samaki Wanaofia Kwenye Maji Maangavu

Ukinunua samaki wa mapambo, mara nyingi unaondoka dukani na mfuko wa plastiki wenye maji, samaki watatu, na ushauri wa bure: "Maji yakianza ukungu, mwaga yote, osha kila kitu vizuri, jaza mengine." Ni ushauri mfupi, mtu anaukumbuka, na anayeutoa wala hana nia mbaya. Ila ni mbovu. Tena mbovu kwa namna inayomwadhibu zaidi yule anayeufuata kwa bidii, ndiyo maana nataka tuuchambue leo.

Kosa la kwanza ni kupima maji kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, saa zote, na chakula kinachooza chini kinaongeza nyingine. Ziwani amonia hiyo inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye tangi la lita 40 sebuleni kwako haina pa kwenda. Na haina rangi! Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa huku samaki anahema juu juu, matamvua yameiva mekundu. Kinyume chake, ule ukungu mweupe wa siku za mwanzo aghalabu ni bakteria wa kawaida wanaochanua kwenye tangi jipya, na ukiwaacha hupungua wenyewe.

Sasa tuje kwenye "osha kila kitu vizuri". Hapa ndipo ushauri unapoharibu kabisa. Akwaria haiishi kwa usafi, inaishi kwa bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa ya kahawia. Nitrati samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi, na hiyo ndiyo unayoipunguza kwa kubadilisha maji.

Nifungue mabano kidogo kwa wanaopenda biolojia. Vitabu vya zamani vya ufugaji vinaipa Nitrobacter sifa zote za hatua ya pili. Mwaka 1998 watafiti walichunguza akwaria za maji yasiyo na chumvi wakakuta kazi hiyo inafanywa na Nitrospira. Halafu mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba baadhi ya Nitrospira wanafanya hatua zote mbili peke yao, jambo ambalo lilidhaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja kuwa ni kazi ya viumbe wawili. Kundi moja liliwapata kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki. Yaani ugunduzi mkubwa wa kemia ya nitrojeni ulikuwa umekaa kwenye uchafu ambao mwenye duka anakuambia uusugue.

Maana bakteria hawa hawaelei tu majini. Wamejishikiza kwenye sifongo ya kichujio, kwenye changarawe, kwenye kioo. Ukiosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini, au (Mungu apishe mbali) kwa sabuni, umefukuza wafanyakazi wote siku moja. Wanazaliana polepole, kwa hiyo tangi jipya huchukua wiki nne hadi nane kutulia. Samaki anakufa wiki ya pili, unarudi dukani, unaambiwa "hawa ni dhaifu, chukua wale wengine". Unalipa tena, na unaosha tena.

Kuna mtego wa tatu ambao hata wafugaji wazoefu huusahau. Amonia majini ina sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ndiyo sumu kali, na amoniamu, ambayo ni pole. Kinachoamua ni pH. Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ndiyo sumu. Ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Ikiwa 9, inazidi theluthi moja. Sasa chukua tangi la muda mrefu lisilobadilishwa maji. Kazi ya bakteria hutengeneza asidi, pH inashuka hadi 6, bakteria wenyewe wanazubaa, amoniamu inajikusanya lakini samaki bado anaogelea. Siku hiyo unaamua kuwa msafi: unamwaga karibu yote na kujaza ya bomba yenye pH 8. Amoniamu iliyobaki kwenye maji ya chini na kwenye changarawe, sehemu yake iliyo sumu inapanda karibu mara 100. Jioni samaki wamepinduka, na wewe unajiuliza umekosea wapi wakati umefuata maelekezo.

Ndiyo sababu ushauri mmoja kwa samaki wote unaniudhi. Sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa na kusafirishwa kwenda akwaria za Ulaya na Marekani, wamezoea maji yenye pH inayokaribia 9. Kwao amonia kidogo tu inatosha kuua, kwa hiyo tangi lao linahitaji kichujio kilichokomaa kabla hata hawajaingia.

Kwa haki, ushauri wa dukani una chembe ya ukweli: maji lazima yabadilishwe. Badilisha robo kila wiki, yawe na joto linalokaribiana na la tangi, na klorini iwe imeondolewa. Kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha husaidia kama ni klorini ya kawaida. Kama mji wenu hutumia kloramini, haitoki hivyo, tumia dawa ya kuiondoa. Anza na samaki wachache, pima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone, na ukiona nitriti, chumvi kidogo ya mezani isiyo na madini joto hupunguza inavyoingia mwilini mwa samaki wengi.

Sifongo ikiziba, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tangi lenyewe, mara mbili tatu, uirudishe. Hayo maji ya kahawia yaliyobaki kwenye ndoo yamwagie mchicha.