Baudouin juu ya Farasi

Mtu akisema "Mfalme Baudouin," wengi wetu twamfikiri yule wa Ubelgiji, aliyetawala tangu 1951 hata 1993, ambaye tarehe 30 Juni 1960 alisimama Léopoldville akamsifu Leopold II. Lakini jina hilo ni la zamani sana. Yerusalemu peke yake ilikuwa na wafalme watano walioitwa hivyo, kati ya 1100 na 1186, wa nne wao mwenye ukoma. Hata mji wa Baudouinville, ambao leo ni Moba, haukupewa jina la mfalme wa 1951, maana uliitwa hivyo kabla hajazaliwa. Ni jina la kijana Baudouin, mwana wa ndugu yake Leopold II, aliyekufa 1891 akiwa na miaka 21.

Sisi leo tunamtaka mwingine, yule aliyechorwa na Eugène Delacroix mwaka 1840 katika picha kubwa iliyo Louvre, mjini Paris. Kwao Flandria alikuwa wa tisa, Hainaut wa sita, na huko Konstantinopoli akawa wa kwanza. Mtu mmoja, hesabu tatu! Mtoto wa shule akikosea hapo tusimpige.

Habari yenyewe ni ya aibu. Askari wa Msalaba walitoka kwao kwa ajili ya Nchi Takatifu, wakaishia kuuteka mji wa Wakristo wenzao, Aprili 1204. Waliupora siku tatu, na makanisa nayo. Baba Mtakatifu Innocentius III aliwakemea vikali. Na mwaka 2001, huko Athene, Yohane Paulo II alisema waziwazi uchungu wake juu ya jambo hilo.

Basi mchoraji alifanya nini? Picha iliagizwa na mfalme Louis-Philippe kwa nyumba ya Versailles, ipate kutangaza sifa za Wafaransa. Mwenye kulipa alitaka shangwe. Farasi na bendera amepewa, ni kweli. Lakini tazameni chini ya kwato. Mzee anapiga magoti akiomba huruma. Upande wa pili mwanamke, mgongo wazi, amemwinamia mwenzake. Nyuma, moshi juu ya mji na bahari. Na washindi wenyewe, nyuso zao zimo kivulini! Hata farasi wa Baudouin ameinamisha shingo. Kumwambia mfalme hivyo kwa fedha yake mwenyewe ni ushujaa, nasi twamsifu Delacroix.

Walakini tuna neno juu yake. Baudouin huyu anaonekana kama mtu aliyesimama ghafula, moyo umemchoma. Anayetazama atamhurumia yeye kabla ya yule mzee. Kumbe mwezi uliofuata, katika Mei, alivikwa taji la kaisari katika kanisa la Hekima Takatifu, lile lile lililoporwa. Huzuni ya namna gani hiyo, isiyomzuia mtu kuketi? Hapo rangi nzuri zimemsaidia mkubwa kuliko alivyostahili.

Mwaka 1205 Wabulgaria walimshika karibu na Adrianopoli, akafa kifungoni. Ndugu yake Henri akashika kiti. Wa mwisho wao kutawala pale aliitwa tena Baudouin, mwana wa dada yake. Alikimbia mwaka 1261, Wagiriki waliporudi mjini mwao.