Namna ya Kuzipima Hadithi za Grace Ogot

Hadithi ya Grace Ogot hupimwa kwanza kwa yale ambayo msimulizi amekataa kuyaeleza. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, magharibi ya Kisumu. Alisomea uuguzi Uganda na London, akafanya kazi ya ukunga Maseno, na mwaka 1966 riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ikatolewa Nairobi na East African Publishing House. Mwaka 1968 ukafuata mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder. Utotoni alilishwa vyakula viwili vya masimulizi: ngano za bibi yake na visa vya Agano la Kale alivyovisikia kwa baba yake, mwalimu na Mkristo wa mapema. Simulizi za namna zote mbili hutaja tendo na kumwachia msikilizaji hukumu. Ndipo ulipo ufundi wake, na ndipo pia panapoonekana amekosea mahali anapoiacha njia hiyo.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni hadithi ya mvua, The Rain Came, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la The Year of Sacrifice. Nchi imekauka, na mganga Ndithi amemwambia mtemi Labong'o kwamba binti yake wa pekee, Oganda, lazima apelekwe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Msomaji ameshaambiwa. Oganda hajaambiwa. Anaposikia wazee wakinong'onezana ndani, yeye anadhani anapangiwa ndoa, na moyoni anaanza kuwapima vijana wanaomtaka, mmoja mmoja. Mwandishi hamhurumii kwa maneno, wala hamwonyi msomaji kwamba jambo hili linasikitisha. Anamwacha msichana afurahi. Anayesoma polepole ataona kwamba uchungu wote wa hadithi umewekwa katika furaha hiyo, wala si katika machozi ya baba. Msimulizi mchanga angeegemea machozi.

Mwisho wake ni mgumu zaidi. Kijana Osinda anamwahi Oganda kabla hajaingia majini, anamvika vazi la majani ili macho ya wahenga na ghadhabu ya zimwi visimfikie, na wawili hao wanakimbia. Ndipo mvua inanyesha. Je, imekuja kwa sababu baba alitii, ingawa kafara haikutimia? Au ingekuja tu? Ogot hasemi neno. Wasomaji wengi hulifunga swali hili haraka, kila mmoja kwa upande wake, na kufanya hivyo ni kuisoma nusu ya hadithi. Utunzi huu ni bora kwa sababu majibu yote mawili yana haki sawa ndani ya maandishi.

Majani hayo yafuatiliwe mpaka kwenye hadithi nyingine ya Land Without Thunder, The Green Leaves. Mwizi wa ng'ombe amepigwa usiku, na wanakijiji wamemfunika kwa majani mabichi, kama desturi inavyotaka kwa maiti. Nyagar, mwanakijiji mwenzao, anarudi peke yake gizani akitamani fedha za mwizi, kumbe mwizi yu hai. Asubuhi, mbele ya watu wote na ofisa Mzungu, majani yanafunuliwa na anayelala chini yake ni Nyagar. Kwa Oganda majani yalificha uhai, na hapa yanaficha kifo na aibu. Ogot hakuyaweka majani hayo kama pambo la mandhari. Ni kitu chenye matumizi katika jamii yake, na hadithi inasogea kwa matumizi hayo. Kipimo hiki hufaa kwa fasihi yoyote ya pwani ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria: kitu cha utamaduni kinapotajwa, kiondolewe kichwani mwa msomaji, kisha aangalie kama kisa bado kinasimama. Kikisimama bila kutikisika, kitu hicho kiliwekwa kwa ajili ya wageni.

The Promised Land inadai jicho jingine. Ochola na mkewe mchanga Nyapol wanahama Nyanza kwenda kutafuta utajiri Tanganyika. Hadithi za wahamiaji mara nyingi huweka ugumu ardhini. Katika O Pioneers! ya mwaka 1913, Mmarekani Willa Cather aliwapa walowezi wa Nebraska ardhi isiyotaka kufugwa, na miaka ya kupambana nayo. Ogot aligeuza: ardhi ya Tanganyika inazaa upesi, na dhiki inatoka kwa jirani mwenye wivu. Mwili wa Ochola unaota vinundu vya miiba kama nungunungu. Hapa muuguzi aliyemo ndani ya mwandishi anafanya kazi yake. Ugonjwa unaelezwa kwa ngozi, harufu na kitanda, na daktari Mzungu anahangaika kwa bidii ya kweli, wala hachorwi mjinga. Anayemponya ni mganga Magungu, kwa sharti kwamba Ochola aondoke mara moja na kuacha mali yake yote. Riwaya ina udhaifu wake: sehemu ya katikati inakwenda kasi kuliko inavyostahili, na mazungumzo mengine yana ukakamavu wa tafsiri. Nyapol, aliyeona hatari tangu mwanzo, alistahili nafasi kubwa zaidi.

Hadithi za maisha ya kisasa ndizo zinazohitaji uchambuzi mkali. Elizabeth, kisa cha katibu muhtasi anayeharibiwa na mwajiri wake, kina hasira ya haki, lakini uovu wa mwajiri hauna utata, na msomaji hana la kugundua. The Island of Tears, kuhusu mazishi ya mwanasiasa Tom Mboya kisiwani Rusinga mwaka 1969, inaegemea majonzi ambayo msomaji wa Kenya alikuwa nayo tayari. Ni ushahidi wenye thamani, lakini kama utunzi haifikii hadithi ya mvua.

Lugha isipimwe kwa madoido. Kiingereza cha Ogot ni cha sentensi fupi, na wanaokiona kikavu wasome kwa sauti. Mwendo wake ni wa msimulizi wa jioni. Uthibitisho uko katika Miaha, riwaya aliyoiandika kwa Kijaluo na kuitoa mwaka 1983. Inasimulia jembe lililolima lenyewe hadi bi harusi Nyawir alipolishika na kulima kwa mikono yake. Okoth Okombo aliitafsiri mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Anayesoma Kijaluo aanze na asili: vichekesho na methali vina pumzi pale ambayo tafsiri, ingawa ni ya uangalifu, inaibana.

Margaret Ogola, mzaliwa mwingine wa Asembo, alimpita Ogot kwa upana wa vizazi katika The River and the Source ya mwaka 1994. Kwa hadithi fupi, hakuna aliyemfikia Ogot kando ya Nam Lolwe. Mwenye nafasi ya kitabu kimoja tu achukue Land Without Thunder, na asome The Rain Came mara mbili kabla ya kufungua nyingine.