Kizuizi Kisichozuia

Katika tafsiri za masomo ya umeme, mara nyingi tunakuta maneno mawili: "kizuizi", kwa maana ya kikinza, na "ghala la umeme", kwa maana ya kapasita. Maneno haya ni Kiswahili safi, wala hayaumizi sikio. Kasoro yake ni kwamba humpotosha mwanafunzi kabla hajaunga waya wa kwanza.

Tuchukue mathalani betri ya volti 9 iliyoungwa na kikinza cha omu 10,000. Mkondo wa miliampea 0.9 utapita, na utaendelea kupita maadamu betri ina nguvu. Kifaa hiki hakizuii mkondo. Huukinza tu, yaani huupunguza, na nishati inayotumika humo hugeuka kuwa joto.

Sasa tuongeze katika saketi hiyo, kwa mfululizo, kapasita ya mikrofaradi 1,000 isiyo na chaji. Mwanzoni mkondo ni ule ule wa miliampea 0.9, kana kwamba kapasita haipo. Baada ya sekunde 10 volteji ya kapasita hufika karibu 5.7. Baada ya dakika moja imekaribia 9, na mkondo umekaribia sifuri. Kumbe kinachozuia ni kapasita! Mwalimu aliyekwisha kukiita kikinza "kizuizi" atalieleza jambo hili kwa neno gani?

"Ghala" nalo lina walakini. Bamba moja la kapasita hupata chaji chanya, la pili chaji hasi ya kiasi hicho hicho, hata jumla yake ikawa sifuri. Kinachohifadhiwa ni nishati, na betri nayo huhifadhi nishati. Neno lisilotenganisha vifaa viwili vilivyomo katika saketi moja halifai kuwa istilahi.

Wako wanaopendelea "kondensa", kwa kufuata jina alilolitumia Alessandro Volta mwaka 1782. Lakini neno hilo hutumika pia kwa chombo cha kupoza mvuke uwe maji.

Kweli, "kapasita" ni neno la kukopa. Hata hivyo, mgeni msema kweli ni bora kuliko mwenyeji mwongo. "Kikinza" kina sifa zaidi, kwani kimezaliwa pamoja na "kinza" na "ukinzani".

Basi, kabla ya kuipitisha istilahi, hapana budi tuijaribu katika sentensi za somo lenyewe. Ikikanushwa na sentensi hata moja, na tuiache.