Habu ya Mbele

Masika ndiyo likizo ya Land Cruiser za utalii za Arusha. Aprili na Mei wageni hupungua, na magari yaliyokuwa yakishinda Serengeti na Ngorongoro hujipanga gereji yakisubiri zamu ya kupandishwa kwenye stendi. Matengenezo mengi ya msimu huo huonekana wazi: springi iliyokatika, shokapu inayovuja, bodi iliyopasuka. Mimi hupenda kusimama pale zinapofunguliwa habu za mbele, maana hapo fundi hupimwa kwa kazi ambayo mwenye gari hataiona kamwe.

Tairi likiwa hewani, fundi hulishika mkono mmoja juu, mwingine chini, akalisukuma na kulivuta. Likicheza, humwambia kijana wake, "Dogo, kanyaga breki," kisha analitikisa tena. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi za tairi, kwa kuwa breki imeishika habu isisogee. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile zinazoliwezesha tairi kukata kona. Ni jambo la dakika moja, na linaokoa nusu siku ya kufungua kisicho na ugonjwa. Halafu hulizungusha tairi polepole huku kiganja kikiwa kwenye springi. Beringi iliyochakaa hukwaruza, na mkwaruzo huo hufika kiganjani hata pale sikio halijasikia kitu.

Kufungua kwenyewe si hadithi ndefu. Hutoka frii habu, kisha nati mbili zenye washa ya kufungia katikati yake. Nati hizo zina soketi yake, ya milimita 54, na ukizikuta zimejaa makovu ya patasi, jua gari hilo lilishapita kwenye mikono yenye haraka.

Beringi zenyewe ni mbili kwa kila habu, kubwa ndani na ndogo nje, na rola zake zimelala mshazari, nyembamba upande mmoja. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi kule St. Louis, Marekani, alipata hataza ya beringi za namna hii mwaka 1898. Umbo hilo hubeba uzito wa gari na papo hapo huhimili msukumo wa pembeni kwenye kona. Lakini pia hukaza au kulegea kadiri nati inavyosogezwa, kwa hiyo lazima mtu aamue ikae wapi.

Kabla ya uamuzi huo, grisi ya zamani husomwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: habu iliyochemka ikitumbukia mtoni, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikafyonza maji kupitia sili iliyochoka. Ikiwa nyepesi na inanuka oili ya difu, sili ya ekseli ndiyo inayovujisha. Rola zenye ubuluu zimeungua. Kikombe, ile pete ya nje ambamo rola huzunguka, hupitishwa ukucha. Ukikwama kwenye shimo, hata dogo, beringi na kikombe chake hubadilishwa pamoja. Na sili mpya huwekwa kila mara. Inanisikitisha kuona mtu akibania sili, kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyo mezani.

Beringi huoshwa, hukaushwa, na haizungushwi kwa upepo wa kompresa, maana rola zinaweza kuchomoka. Kisha fundi huweka donge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia na kuigandamiza ukingoni mwa donge, upande mpana ukiwa chini. Anagandamiza hadi grisi ichomoze upande wa pili kati ya rola, anasogeza kidogo, anarudia, mpaka mduara uishe. Wengi hupaka nje wakaridhika. Ndani kukabaki kukavu.

Sehemu ninayoistahi kuliko zote ni kukaza. Nati ya ndani hukazwa kwanza kwa nguvu, kiasi cha nyutonimita 59, huku habu ikizungushwa mbele na nyuma ili rola zikae sawa. Halafu hulegezwa kabisa, ikakazwa upya, safari hii kidogo tu. Fundi hunasa mizani ya springi kwenye stadi ya tairi na kuivuta, akisoma uzito unaohitajika kuianzisha habu. Ikizidi, anarudisha nati kwa upana wa unywele; ikipungua, anaongeza. Washa huingia, nati ya nje hukazwa, na hapo anapima tena, kwa sababu nati ya pili huisukuma ya kwanza. Nimeona fundi akifungua na kurudia yote kwa tofauti ambayo mimi sikuihisi. Akiridhika, hukunja meno ya washa, moja kuelekea ndani, jingine nje.

Gari huendeshwa barabarani kidogo, likirudi habu zote mbili huguswa kulinganisha joto. Kama beringi ni mpya, dereva huambiwa alirudishe baada ya safari ya kwanza, kwa sababu vikombe vipya hukaa vizuri vikishatembea, na nati huenda ikahitaji kusogezwa tena.