Pongezi kwa Wapiga Chuku na Madaktari wa Sindano

Mkulima wa mpunga wa kata ya Mtunda, mgongo ukimkaza baada ya palizi, anajua thamani ya mkono unaochua na pembe ya chuku inayoumikwa mahali panapouma. Madaktari wa China nao walikuja na ujuzi unaokaribiana na huo: sindano nyembamba, vikombe vya kuumika na kukanda. Walianza kuhudumu Zanzibar mwaka 1965, Tanzania Bara mwaka 1968, na vikundi vyao vimekuwa vikipokezana. Mwaka 2010 UNESCO iliitambua tiba yao ya sindano kuwa urithi wa binadamu.

Nawapongeza wote, wa pembe na wa sindano, kwa kumgusa mgonjwa kwa subira na heshima. Ombi langu: vifaa viwe safi daima, na maumivu yasiyoisha yapelekwe hospitali mapema.