Daftari la Safu Mbili

Mfereji unachepuka kutoka Mto Engaresero kuelekea mashambani, na Mlima Ol Doinyo Lengai unauangalia kutoka juu. Wanafunzi wanne wa uhandisi wamechomeka vigingi viwili ukingoni, mita 10 kati ya kimoja na kingine. Mmoja anadondosha limau majini, mwenzake anashika saa ya simu. Wanarudia mara kadhaa, wanatafuta wastani wa mwendo, kisha wanauzidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua kingo na sakafu ya mfereji.

Mwalimu niliyekuja kumtazama haangalii limau. Amesimama hatua chache nyuma ya wanafunzi, daftari wazi mkononi, anaandika wanayosema.

Ni mama, mhandisi wa maji, na kwa miaka sasa amekuwa akiwakusanya walimu wenzake wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi wachunguze jinsi uhandisi unavyofundishwa. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kifungue Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, na Chuo cha Ufundi Arusha kianze mwaka 1978, wengi wameingia darasani wakijua kupima zege, umeme na mtiririko wa maji. Kupima kilichomo kichwani mwa mwanafunzi hawakufundishwa, na kila mmoja amehangaika nacho peke yake ofisini kwake.

Ukurasa wa daftari lake umegawanywa kwa mstari wa wima. Kushoto huandika alichoona na kusikia, pamoja na saa na dakika. Kulia huandika anachodhani, na safu hiyo huachwa tupu mpaka jioni. Nimemwona akiinua kalamu kuelekea kulia, akasita, akairudisha. Kuzuia hukumu namna hiyo, huku jambo likitendeka mbele ya macho, ni kazi ngumu kuliko hesabu yoyote ya mfereji ule.

Mwanafunzi mmoja ameulizwa kwa Kiingereza kwa nini wanazidisha kwa 0.85. Amenyamaza. Baada ya dakika chache anamweleza mwenzake kwa Kiswahili, mkono wake ukichora chini ya maji, na maelezo yamenyooka kabisa. Mwalimu anaandika vyote, ukimya na maneno, kwa lugha ileile aliyoitumia mwanafunzi.

Jioni walimu watano wanakaa mezani. Sheria ya mwalimu ni moja: msomaji aanze kwa kumwambia mwandishi alichoelewa, kisha aulize, ndipo apendekeze. Mhadhiri kijana ameandika, “Wanafunzi hawaelewi mtiririko.” Hakuna anayemkosoa. “Nimeelewa kwamba kuna kitu kilichokukwama machoni, mwalimu,” anasema mama yule. “Ulisikia nini hasa?”

Kijana anarudi kwenye safu ya kushoto. Wanasikiliza sauti iliyorekodiwa kwenye simu, wanairudisha nyuma, wanasikiliza tena. Kisha kazi ya kupanga inaanza: watu wawili, kila mmoja na nakala yake ya mazungumzo hayo, wanapigia mistari maneno yaleyale kwa kalamu za rangi bila kuchunguliana. Nyekundu kwa kuchanganya mwendo wa juu na wa maji yote, bluu kwa kusahihishana, kijani kwa kubadili lugha. Nakala zikiwekwa kando kwa kando, penye rangi tofauti panajadiliwa, na mwalimu haharakishi kupatanisha. Palipobaki na ubishi panawekewa alama, sauti inasikilizwa mara nyingine.

Inachukua sehemu kubwa ya usiku kwa kurasa tatu tu. Ninaamini hapa ndipo watafiti wanapopatikana, kwenye kurasa hizo tatu, kabla ya mkutano wowote wenye mabango.

Kijana anafuta sentensi yake. Anaandika upya: wawili walidhani limau linaonyesha mwendo wa maji yote, mmoja alijisahihisha baada ya kumwona mwenzake akichora, mwingine hakusema lolote mpaka lugha ilipobadilika. Anasoma kwa sauti, na safari hii mwenzake wa Nairobi anaomba nakala ili akajaribu swali hilohilo kwa wanafunzi wake wa mwaka wa pili.

Asubuhi wanapangiana zamu. Daftari la Arusha litasomwa Dar es Salaam, la Dar es Salaam litasomwa Nairobi, la Nairobi litarudi Arusha. Kila msomaji atatuma kwanza alichoelewa, kwa sentensi zisizopungua tano, na maswali yatafuata juma la pili.